Nauli ya JKIA Imalizwe Kangemi, Sio Mlangoni pa Ndege

Ukipanda matatu namba 46 kwenda Kawangware, bei unaijua kabla hujakanyaga ngazi. Makanga anaitangaza mlangoni kwa sauti: hamsini, themanini, mia kama mvua inanyesha. Ukiona ni kali, unaiacha hiyo unangoja nyingine. Lakini siku ile moja yenye uzito kuliko zote, siku ya kwenda uwanja wa ndege, wengi wetu tunaingia kwenye gari bila kujua tutalipa ngapi, tutamlipa nani na tutalipa kwa njia gani. Tunasema, "tutaongea tukifika."

Maoni yangu ni haya: usiongee mkifika. Ongea ukiwa nyumbani, masanduku yakiwa bado sebuleni. Pesa nyingi zinazopotea kwenye safari ya JKIA hazipotei kwa sababu bei ni kubwa. Zinapotea kwa sababu bei inapatanwa mahali ambapo msafiri hana tena nguvu ya kukataa.

Nguvu yako iko wapi?

Hebu fikiria. Ukiwa Kangemi, Kawangware, Lavington au Kilimani, una magari kumi ya kuchagua. Dere akikuambia bei usiyoipenda, unamshukuru na kuita mwingine. Una dakika, una salio, una ndugu zako hapo karibu.

Sasa jiweke JKIA. Umefika eneo la ukaguzi. Sanduku lako liko kwenye buti la mtu. Kwa safari nyingi za kimataifa kaunta ya mizigo hufungwa saa moja hivi kabla ya ndege kuondoka, na wewe unaangalia saa kila dakika. Hapo ukiambiwa "ongeza mia nne," utabishana na nani? Utalipa.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Pale nyumbani nguvu ni yako. Kule mlangoni pa ndege, nguvu ni ya mwenye buti. Kwa hivyo kila swali la pesa lijibiwe upande ule ambao wewe bado unaweza kusema hapana.

Bei unayoiona sio yote

Kutoka vitongoji vya magharibi hadi Embakasi ni zaidi ya kilomita 20, na unalikata jiji zima. Njia ni tatu kubwa. Ya kwanza ni ya chini: Waiyaki Way, Uhuru Highway, kisha Mombasa Road. Haina ada ya kupita, lakini jamu ya asubuhi na ya jioni unaijua. Ya pili ni ya juu, Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands pale makutano ya James Gichuru. Ilianza kutumika Mei 2022. Ya tatu ni Southern Bypass, ambayo inawafaa watu wa Dagoretti, Karen na Ngong Road. Inazunguka kupitia upande wa Lang'ata na kutokea Mombasa Road, nayo haina ada.

Shida ni kwamba programu ya teksi inapokuonyesha, tuseme, shilingi 1,400, wewe unaona bei ya safari. Dere anaona bei ya gari tu. Kuna vitu viwili ambavyo kila mtu anadhani mwenzake ndiye atavilipia.

Kimoja ni ada ya Expressway. Ada hii inategemea umeingilia wapi na umetokea wapi, na hupanda. Januari 2024, gari dogo linalotoka Mlolongo hadi Westlands lilitoka kulipa 360 na kuanza kulipa 500. Kwa hivyo usitegemee kile ambacho jirani alilipa mwaka ule alipomsindikiza mwanawe. Pale langoni kuna njia ya kulipa pesa taslimu, kuna kadi ya MTC na kuna kile kifaa cha ETC cha kubandikwa kwenye kioo. Kama dere hana kadi wala kifaa, noti itatoka mfukoni mwako.

Cha pili ni maegesho pale uwanjani. Mkiwa familia nzima na mnataka kushuka, kupiga picha, kuomba na kulia kidogo, gari linakaa. Gari likikaa, kuna ada. Hata anayekuja kumpokea mtu ataikuta. Ndege ikichelewa, dere anahesabu dakika na wewe unahesabu abiria wanaotoka. Swali la nani atalipa maegesho halifai kuulizwa mbele ya mgeni aliyetoka tu safarini.

Kwa hivyo ukiwa nyumbani uliza maswali matatu kwa mpigo: Tunapita juu au chini? Ada ya juu iko ndani ya hiyo bei au nje? Na maegesho? Yakishajibiwa, jumlisha mwenyewe na useme namba moja. Namba moja ni ngumu kubishaniwa.

Na kama unaenda na boda kwa sababu una begi moja la mgongoni, kumbuka pikipiki haziruhusiwi Expressway. Ni njia ya chini tu. Anza mapema.

"Unalipa na nini?"

Kila mtu wa Nairobi anaijua ile simu. Umeita gari, dakika moja haijaisha, dere anapiga: "Uko wapi? Unaenda wapi? Unalipa na nini?" Ukisema kadi, ghafla anaona jamu imemzidi na safari inakatizwa. Ukisema simu, "sawa, nakuja."

Watu huikasirikia sana simu hiyo. Mimi nadhani tuisikilize vizuri. Malipo ya kadi hupitia kwanza kwa kampuni ya programu, na dere hupata chake baadaye. Yeye anahitaji mafuta leo. Pesa ya simu inaingia kwake papo hapo. Sio ujeuri, ni hesabu ya tangi.

Kwa safari ya uwanja wa ndege, simu hiyo ni bahati kwako. Ni mlango wa kumaliza mambo yote mapema. Mwambie ukweli: unaenda JKIA, jengo fulani, unalipa kwa simu mkifika, na unataka kujua jumla sasa. Kama hataki, akatize safari saa hiyo ukiwa bado na chai mkononi, sio ukiwa umesimama kando ya barabara na masanduku mawili.

Lakini kuna mstari mmoja usiuvuke. Kulipa dere moja kwa moja kwa simu ni sawa kabisa ikiwa safari yenyewe bado imesajiliwa kwenye programu na umechagua kulipa taslimu. Jina la dere, namba ya gari na njia mliyopita vyote vinabaki kwenye kumbukumbu. Jambo tofauti kabisa ni lile la kuambiwa, "katiza safari, tuende tu hivi, nitakupunguzia mia." Ukikatiza, umebaki na mtu usiyemjua kwenye gari ambalo halina rekodi yoyote kwamba uliingia. Ukisahau pasipoti kwenye kiti cha nyuma, utaanzia wapi kumtafuta? Mia moja haitoshi kununua shida hiyo. Lipa moja kwa moja, lakini usitoke kwenye safari iliyosajiliwa.

Ikiwa unatumia teksi ya mtaani ambayo haina programu, kumbukumbu yako ni ujumbe wa maandishi. Mwandikie kabla hajafika, kitu kama hiki:

"Kangemi hadi JKIA Terminal 1A, kesho saa kumi alfajiri. Jumla 1,900, Expressway na maegesho ya dakika chache ndani. Nalipa kwa Till yako tukifika. Nithibitishie."

Akijibu "sawa," mmeshamaliza. Ujumbe mmoja mfupi unazuia kelele nyingi.

Till, namba ya mtu, na "weka ya kutoa"

Tufike sasa kwenye sekunde ile ya kulipa. Mkenya gani hajawahi kusikia "tuma na ya kutoa"? Ni sentensi ndogo lakini ina gharama. Chukua mfano wa M-Pesa kwa ada zilizoanza Julai 2023: kumtumia mtu 1,400 kunakatwa shilingi 23, na kutoa kiasi hicho kwa wakala kunakatwa 29. Ukituma na ya kutoa, safari imeongezeka shilingi 52 bila gari kusogea hata mita moja. Ukilipa kwa Till, mteja hakatwi kitu.

Na je, dere anahitaji kweli kutoa? Petroli analipia kwa Till. Kuosha gari analipia kwa simu. Chakula cha mchana pia. Mara nyingi "ya kutoa" ni mazoea tu. Kama dere hana Till na unaona ni haki kumwongezea, ni sawa. Ila liingie kwenye ile namba moja mliyopatana nyumbani.

Faida ya pili ya Till ni jina. Ukiingiza namba, unaona jina la biashara kabla pesa haijatoka. Ukituma kwa mtu pia jina hutokea, kwa hivyo lisome. Kama dere mliyepatana naye ana jina moja na simu inakuonyesha lingine, uliza kwanza. Huenda ni namba ya mkewe au ya mwenye gari, na hilo ni kawaida, lakini afadhali akuambie yeye kabla hujabonyeza. Pesa iliyoenda kwa namba isiyo sahihi inaweza kurejeshwa, lakini kunahitajika simu yako, muda wako, na aliyeipokea asiwe ameitumia. Mtu anayeingia kwenye ndege ya saa kumi na mbili asubuhi hana muda huo.

Na mtandao ukisumbua? Hutokea. Ujumbe wa kuthibitisha haujaja, dere anangoja, wewe unatoka jasho. Usilipe mara ya pili. Angalia salio lako kwanza. Likiwa limepungua, pesa imetoka, na dere anaweza kuangalia salio lake pia. Likiwa halijapungua, jaribu tena. Ndiyo maana nasema uwe na noti kidogo mfukoni, za kutosha ada ya Expressway na dharura ndogo. Najua ni ajabu kusoma hivyo kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo ya simu, lakini safari ya ndege inataka njia mbili za kulipa.

Pesa ya mchango ikae wapi?

Safari nyingi za JKIA kutoka mitaa yetu sio za likizo. Ni kijana anayeenda Qatar kulinda lango, ni dada anayeenda Saudia kufanya kazi ya nyumba, ni mwanafunzi aliyepata nafasi ng'ambo. Tiketi imenunuliwa kwa mchango, na nauli ya kwenda uwanja wa ndege pia ni mchango. Mjomba anatuma 500, shangazi 300, kikundi cha kina mama kanisani 1,000.

Sasa pesa hizo zinatumwa kwa simu ya nani?

Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anasafiri usiku kwenda Doha. Watu wa nyumbani waliamua michango yote ya gari ipitie kwa simu ya mamake, kwa sababu ndiye mkubwa. Kilichosahaulika ni kwamba simu hiyo ilikuwa na deni la mkopo wa kujazia salio. Mikopo ya aina hiyo hujilipa yenyewe kila pesa inapoingia. Mjomba alituma, ikakatwa. Shangazi akatuma, ikakatwa. Saa mbili usiku gari liko nje, mama anaangalia salio na haelewi mbona michango ya watu watano imebaki shilingi mia mbili na kitu. Mama hakuwa ameiba, mjomba hakuwa amedanganya. Deni lilikuwa limejichukulia chake. Jirani mmoja ndiye aliyelipa teksi usiku ule, na binti akaiwahi ndege yake.

Ingekuwa mchana kungekuwa na muda wa kupiga simu huku na huku. Usiku, gari likinguruma nje, hakuna muda.

Kwa hivyo familia ikikaa kupanga safari, swali la simu liwe kwenye ajenda pamoja na swali la nani atamsindikiza. Simu ya kupokea michango iwe haina deni. Ikiwezekana iwe ya mtu ambaye atakuwa ndani ya gari siku hiyo, sio ya mtu atakayebaki Kakamega akingojwa atume. Na iwe siku moja kabla, sio saa moja kabla. Pesa ya gari ikiwa imekamilika jioni ya jana, asubuhi yenu ni ya maombi na kukumbatiana tu.

Msafiri naye asibebe kila kitu kwenye laini moja. Akishavuka, laini ya hapa huenda isipate mtandao hadi awashe huduma ya ng'ambo. Pesa ya nauli ya teksi ikae kwa msindikizaji. Na namba ya siri isiachiwe mtu "akusaidie kutoa nikienda." Kama kuna pesa ya kuacha, itumwe kwa mtu huyo kwa jina lake mwenyewe kabla ya safari.

Matatu bado ipo

Wengine wataniambia, mambo haya yote ni ya wenye pesa ya teksi. Hapana. Nairobi ina matatu ya JKIA kwa miaka mingi, namba 34 kutoka tao. Ukitoka Kawangware na 46, au Kangemi na 23, unashuka tao, unavuka hadi steji ya 34, na mara nyingi jumla yote haifiki shilingi 300. Kama ndege ni ya mchana na mzigo ni begi moja, sioni aibu yoyote hapo. Kuna watu wamekwenda kusoma Uingereza wakianzia safari kwenye 34.

Gharama yake halisi ni muda na mikono. Unabadilisha gari, unavuka barabara katikati ya jiji na sanduku, na makanga anaweza kukuambia sanduku limekaa kiti cha mtu, ulilipie. Tena uliza mlangoni: "Mimi na hili sanduku ni ngapi?" Ukiwa na ndege ya alfajiri au watoto wadogo, hesabu inageuka na teksi inakuwa rahisi hata kama ni ghali.

Na kuna somo kwenye matatu. Mwaka 2014 serikali ilitaka abiria wote waache noti na kulipa kwa kadi. Kadi zilikuja, ikiwemo BebaPay ya Google na benki ya Equity iliyoanza 2013, lakini mpango haukushika. Leo ukipanda matatu nyingi utaona namba ya kulipia imeandikwa karibu na dirisha, na watu wanalipa kwa simu bila kulazimishwa na mtu. Nadhani sababu ni rahisi. Kadi ilikuwa kitu kipya cha kubeba, na simu tayari iko mkononi. Na bei bado inatangazwa mlangoni. Njia ya kulipa ilibadilika, lakini desturi ya kupatana kabla ya kupanda ilibaki. Hiyo ndiyo desturi ninayotaka tuihamishie kwenye teksi ya uwanja wa ndege.

Dere naye ana hesabu

Sitaki usome makala haya ukadhani madereva ni maadui. Kanuni za serikali za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni ambayo kampuni za programu zinaweza kumkata dere. Hata hivyo, mwaka 2024 madereva wengi Nairobi walibandika orodha zao za bei kwenye magari, wakisema bei za programu hazilipi mafuta. Mtu anayekupeleka JKIA anaweza kurudi mjini mtupu. Anaweza kukaa foleni uwanjani saa nzima akingoja abiria. Hayo yote yako kwenye kichwa chake anapokuambia "ongeza kidogo."

Kwa hivyo kupatana nyumbani kunamfaa yeye pia. Akijua atapata 1,900 kwa Till, bila kelele, atakuja kwa wakati na ataendesha bila hasira. Ukiona hoja yake ina maana, mwongezee. Ninachokataa ni nyongeza inayozaliwa ghafla mlangoni pa ndege, wakati msafiri hawezi kukataa. Hapo sio mapatano tena.

Mpatane pia kuhusu siku mbaya. Tarehe 12 Julai 2023 waandamanaji waliharibu sehemu ya Expressway kule Mlolongo. Tarehe 23 Julai 2024 vijana waliitisha maandamano ya kwenda JKIA kwenyewe, na ulinzi ukawa mkali barabara za huko. Siku kama hizo njia inaweza kubadilika ghafla. Muulize dere jioni ya jana: tukizuiwa, tunapita wapi na bei inakuwa ngapi? Jibu likiwa kwenye ujumbe, hakuna atakayejifanya kusahau.

Ndege ikishapaa

Sehemu ya mwisho inawahusu wanaobaki. Msafiri akishazima simu, kwa saa tano au zaidi hapatikani. Matapeli wanalijua hilo. Mama anapokea simu kutoka namba ngeni: "Mwanao amezuiwa hapa JKIA, kuna karatasi haiko sawa, tuma elfu tano haraka kabla ndege haijaondoka." Mama anampigia mwanawe, hapatikani. Anatuma.

Ona, ni ule mchezo mmoja. Unaombwa uamue kuhusu pesa mahali ambapo huna nguvu wala muda. Dawa pia ni ile ile, kuamua mapema. Kabla msafiri hajaondoka, kubalianeni kwamba shida yoyote uwanjani ataieleza kwa sauti yake mwenyewe, na atataja neno moja ambalo nyinyi tu mnalijua. Bila hilo neno, hakuna pesa inayotoka. Na ada halali ya serikali au ya shirika la ndege hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu, kata simu.

Mimi nimesomea masoko, na katika kazi yetu neno linalopendwa ni "haraka." Lipa haraka, tuma haraka. Ni kweli simu inalipa haraka. Lakini kwa safari ya uwanja wa ndege ningependa tuuze neno lingine, "mapema." Kasi ya simu inakusaidia tu kama umeshajua unamlipa nani, kiasi gani na kwa sababu gani. Bila hayo, inakusaidia kupoteza pesa kwa kasi.

Ukiwa na mtu anayesafiri wiki hii, fanya mambo manne leo jioni. Hakikisha simu inayopokea mchango haina deni. Mpigie dere umuulize juu au chini, ada na maegesho, kisha mkubaliane namba moja. Muombe Till yake akutumie kwa ujumbe. Halafu kaeni na msafiri mchague lile neno la siri. Dakika kumi na tano zinatosha, na chai haitakuwa imepoa.

Safari njema.